Kurasa nane zilizobaki kabatini: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vyetu

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Washauri wa Wanafunzi na wajumbe wa mabaraza ya vyuo vikuu nchini,

Shikamooni.

Nawaandikia kutoka Njombe, ninakofundisha historia na Kiswahili katika shule ya sekondari. Hivi karibuni vijana wangu wa kidato cha sita walikuja kuomba ruhusa ya kubandika gazeti lao la ukutani. Nikawaambia wabandike, nami nitalisoma hapo hapo ukutani kama wasomaji wengine. Binti mmoja akanitazama kwa mashaka, akauliza: "Mwalimu, hulipitii kwanza?"

Swali lile lilinirudisha kwenye ofisi moja ya chuo kikuu ambacho sitakitaja, maana sikuja kumshtaki mtu. Nimekuja na ombi, na bora nilitaje mapema ili anayesoma kwa haraka alikute hapa juu: acheni kuyapitia kwanza majarida ya wanafunzi. Yasomeni yakishatoka.

Tulikuwa watano, mwaka wa pili, kutoka vitivo vitatu. Tulitaka kuanzisha jarida dogo la kihafidhina, na neno hilo tulilichagua wenyewe huku tukijua linavyowakwaza wengi. Tuliamini, na mimi bado naamini, kwamba familia ilitangulia serikali. Kwamba shamba la ukoo si kitu cha kugawiwa na kila anayefika kijijini na ramani mkononi. Kwamba mila isitupwe kabla mtu hajauliza ilikuwa ikizuia nini. Kwamba mama anayeuza nyanya sokoni anajua hesabu za nyanya zake kuliko kamati yoyote. Hayo si mawazo ya ajabu. Nendeni msikitini, nendeni kanisani, kaeni na wazee barazani, mtayasikia kila siku. Chuoni ndiko yalikokuwa hayana pa kukaa. Semina zilikuwa na lugha yake, na aliyesema kwa lugha nyingine alionekana bado hajasoma.

Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, lilipotoka tukachangishana. Rafiki yetu mmoja alikuwa anajua kupanga kurasa, akakesha siku mbili kwenye kompyuta ya kuazima. Kurasa nane, karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati, pini mbili za stepla. Kulikuwa na makala ya ardhi ya kijiji, nyingine ikitetea mahari (iliyoandikwa na dada pekee katika kundi letu, nayo ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote), na mapitio ya mashairi ya zamani ambayo mitaala haiyagusi tena. Mwenye steshenari nje ya geti alikubali kututolea kopi hamsini kwa bei ya jumla. Alipozipanga mezani na kuzigonga pembeni ili zilingane, nilihisi kitu ambacho sijakihisi tena hata siku ya kuvaa joho.

Halafu tukaambiwa lazima ofisi ipitie kwanza.

Tulipeleka nakala moja ndani ya faili la kijani. Afisa alilifungua, akasoma kichwa cha ukurasa wa kwanza, akalifunga. Hakuuliza kama tuliyoandika ni kweli. Aliuliza: "Nani yuko nyuma yenu?" Tukamwambia hakuna. Akauliza ni chama gani. Tukamwambia hakuna. Akatukumbusha Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na leseni za magazeti, kana kwamba kopi hamsini za steshenari ni gazeti la kila siku. Mwisho akasema kwa upole kabisa kwamba magazeti ya namna hii huleta fujo, tuangalie Marekani. Kisha tukapigwa kalenda. Kamati haijakaa. Mwenyekiti amesafiri. Njooni baada ya mitihani. Muhula ukaisha, mwaka ukaisha, tukahitimu. Hatukukataliwa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Laiti tungekataliwa kwa maandishi, tungekuwa na jambo la kujibu.

Miaka michache baadaye mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi maktaba alinipa bahasha yenye kopi za kurasa za Cheche. Nilikuwa nimelisikia jina hilo tu. Ilikuwa kopi ya kopi, lakini alama za stensili zilikuwa bado zinaonekana: herufi "o" zimejaa wino kwa sababu taipu ilitoboa karatasi, mistari imepinda kidogo kuelekea kulia, mahali pengine neno limekatwa na kuandikwa juu yake kwa mkono. Nikakumbuka pini zetu mbili za stepla.

Cheche lilikuwa jarida la wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na toleo lake la kwanza lilitoka Novemba 1969. Lilitolewa na vijana wa USARF, umoja wa wanafunzi wa Kiafrika wenye msimamo wa kimapinduzi ulioundwa mwaka 1967 chini ya uenyekiti wa Yoweri Museveni, pamoja na tawi la pale chuoni la TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama tawala. Kina Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji walikuwa miongoni mwa wahariri. Hawakuwa na mfadhili. Walipiga taipu wenyewe, wakadurufu wenyewe, wakapanga kurasa na kuuza wenyewe. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa akifundisha pale, aliandika humo. Na Septemba 1970 likatoka toleo maalumu lililobeba andiko moja tu refu, la Issa Shivji, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza sheria, kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya ndani ya Tanzania.

Mimi si mjamaa. Nimelisoma andiko hilo mara tatu, na dawa anayoitoa sikubaliani nayo. Lakini ugonjwa aliuona. Miaka mitatu tu baada ya Azimio la Arusha, nchi nzima ikiimba kwamba njia kuu za uchumi ni mali ya umma, kijana wa miaka ishirini na minne anakaa chini, anafuatilia mikataba ya uendeshaji wa mashirika yaliyotaifishwa, anauliza: mali hii ni ya umma gani, ikiwa mikataba inamwacha mgeni pale pale alipokuwa, na katikati pameota tabaka la maofisa wanaokalia kisicho chao? Huyo ofisa anayekalia kisicho chake, sisi wahafidhina watano tulimwandika pia, kwenye makala ya ardhi ya kijiji. Tulifika kwake kwa njia tofauti. Laiti ningeisoma Cheche nikiwa mwaka wa kwanza! Nisingegeuka mjamaa, ila ningebishana na mtu aliyejiandaa.

Novemba 1970 Cheche lilipigwa marufuku, na USARF pamoja nalo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba Tanzania ilikuwa na itikadi yake na haikuhitaji kuazima ya Warusi. Jina lenyewe, lililofuata Iskra, gazeti la Lenin ambalo jina lake kwa Kirusi lina maana ya cheche, likawa sehemu ya kosa. Jarida lilikuwa limeishi mwaka mmoja. Januari 1971 tawi la Youth League likaanzisha jingine, MajiMaji, chini ya kivuli cha chama. Kitu kilichochapishwa kwa mashine ya mkono na vijana wasio na senti kilionekana hatari kwa dola iliyokuwa na redio, magazeti na chama kizima.

Nawaomba mtazame tarehe mbili kwa pamoja. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo hicho hicho, wamevaa majoho yao mekundu, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na kati yao walikuwemo waliobeba bango la kusema afadhali ukoloni. Karibu mia nne walifukuzwa siku ile. Mwalimu Nyerere alikasirika kiasi cha kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mimi kwa hilo namheshimu, kwa sababu hakuwadai vijana kitu ambacho yeye hakuwa tayari kukitoa. Bango lile lilikuwa la aibu. Lakini fikirini: mwaka 1966 waliofukuzwa ni wale waliodai haki za msomi na maslahi yake, yaani upande ambao leo wangeuita wa kulia. Mwaka 1970 walionyamazishwa ni wa kushoto kabisa, waliotaka ujamaa kuliko serikali yenyewe. Ndani ya miaka minne pande zote mbili zilikuwa zimefyekwa. Kilichobaki katikati kilikuwa kimya, na kimya kile tukakiita umoja.

Kisha Julai 1971 ukaja mgogoro wa Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi. Uongozi wa wanafunzi uliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Akivaga akachukuliwa na askari wa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, wenye silaha na kurudishwa Kenya, na wanafunzi wakagomea masomo. Nalikumbusha hili kwa makusudi, kwa kuwa nami naandika barua ya wazi. Nawashukuru kwamba ninaweza kuiandika leo nikiwa nimekaa mezani kwangu bila hofu.

Lazima niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Vijana wa Cheche hawakuwa malaika wa uhuru wa maoni. Mwaka 1968 wana-USARF waliizuia Rag Day, ile siku wanafunzi walipokuwa wakivaa matambara na kuzunguka mjini kuchangisha fedha za hisani. Waliona ni dhihaka kwa maskini, wakatoa upepo matairi ya malori. Naielewa hasira yao, kwa sababu kuvaa umaskini kama kinyago ni jambo baya. Lakini nao waliwanyima wenzao barabara, na miaka miwili baadaye wakanyimwa karatasi. Aliyekuwa na nguvu wakati huo hakujibu hoja. Tabia hiyo tumerithishana, waheshimiwa, kutoka mkono mmoja hadi mwingine, mpaka ikafika kwenye faili letu la kijani.

Sasa nirudi kwenye Marekani tuliyoambiwa tuiangalie. Niliiangalia. Mwaka 1980, katika mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire, wanafunzi wachache wa Chuo cha Dartmouth walikutana sebuleni kwa profesa wao, Jeffrey Hart, wakaanzisha The Dartmouth Review, jarida la kihafidhina lisilotegemea fedha za chuo. Wahitimu wa zamani na taasisi za nje walilichangia. Baadaye yakaibuka mengine: Harvard wakawa na The Harvard Salient, Princeton wakawa na The Princeton Tory, na Stanford mwaka 1987 Peter Thiel, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa PayPal, akawa mmoja wa waanzilishi wa The Stanford Review. Dinesh D'Souza na Laura Ingraham, wanaosikika sana katika siasa za Marekani, walipita kwenye uhariri wa lile la Dartmouth.

Fujo zilikuwepo, sizifichi. Mwaka 1982 jarida hilo lilichapisha makala ya kudhihaki namna Wamarekani Weusi wanavyozungumza. Nimeisoma nikiwa Mwafrika na nikiwa mhafidhina, nikaona haya mara mbili. Na Januari 1986 likatokea baya zaidi. Wanafunzi wengine walikuwa wamejenga vibanda vya mbao katikati ya uwanja wa chuo, wakikidai chuo kiondoe fedha zake kwenye kampuni zilizokuwa zikifanya biashara na makaburu wa Afrika Kusini. Usiku mmoja, muda mfupi baada ya Marekani kuadhimisha kwa mara ya kwanza sikukuu ya Martin Luther King, wanafunzi kumi na wawili, wengi wao wa jarida lile, walivivamia kwa nyundo kubwa. Wakati huo huku kwetu vijana wa ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro. Vibanda vile vilisimama kwa niaba yao pia.

Kwa hiyo nani alipaswa kufanya nini? Nyundo ilipelekwa kwenye kamati ya nidhamu, na chuo kiliwachukulia hatua waliohusika. Jarida halikufungwa. Na kwa ile makala ya 1982, aliyewaumiza si mkuu wa chuo. Ni Jack Kemp, mbunge mhafidhina aliyekuwa kwenye bodi yao ya ushauri, aliyejitoa kwa sababu yake. Mtu wao, kwa macho ya watu wote, akawaambia hapana. Karipio la namna hiyo haliwezi kutokea kama maneno yenyewe yamefungiwa kabatini, kwa sababu hakuna anayejua yamesemwa. Mwenye mawazo mabaya anabaki nayo chumbani hosteli, anayashiriki na watatu wanaomkubali, hakuna mtu mzima wa upande wake wa kumkanya.

Jambo moja la Dartmouth nisingependa liigwe hapa: fedha za nje. Anayelipa karatasi hatimaye ataanza kuuliza vichwa vya habari. Kwa hilo wajamaa wa Cheche walikuwa na msimamo imara kuliko wahafidhina wa New Hampshire, na mimi nalisema hilo ingawa moyo wangu uko na hao wa pili.

Basi ninachowaomba ni hiki. Wanafunzi wanaotaka kutoa jarida wawajulishe tu: majina ya wahariri, anwani, basi. Waweke jina chini ya kila makala, au mhariri awajibike kwa isiyo na jina. Kama wamemsingizia mtu, sheria za kashfa zipo. Kama wametishia au wamevunja, kamati za nidhamu zipo. Kama ofisi ina pingamizi, ilitoe kwa maandishi ndani ya wiki moja, ikitaja kifungu, ili mwanafunzi akate rufaa. Ibara ya 18 ya Katiba yetu haikusema kila mtu ana uhuru wa maoni isipokuwa aliye mwaka wa pili. Na kipimo kiwe kimoja. Mkiruhusu jarida la wanaotaka mashamba yawe ya ushirika, mruhusu la wanaotaka yabaki ya ukoo. Mkiruhusu la wanaotetea mahari, mruhusu la binti atakayeandika kwamba mahari yamemchosha. Dada yule wa kundi letu alikuwa akimtafuta binti huyo chuo kizima, apate wa kubishana naye.

La pili ni la maktaba. Pale Mlimani kuna East Africana, sehemu ya maktaba inayotunza maandiko ya Afrika Mashariki, na tangu 2018 kuna maktaba mpya kubwa inayotajwa kwa fahari na kila mgeni. Kila chuo kingeweza kuwa na rafu moja tu ya majarida ya wanafunzi wake, ya zamani na ya sasa, yaliyosifiwa na yaliyofungiwa, na kopi zake kwenye kompyuta ili mwanafunzi wa Mtwara au Bukoba asilazimike kupanda basi. Historia ya Cheche isingetufikia kwa ukamilifu kama Hirji na wenzake wasingekaa, miaka arobaini baadaye, kukusanya kumbukumbu zao na kuzitoa kitabu kupitia wachapishaji Mkuki na Nyota. Zakia Meghji alikwenda akawa Waziri wa Fedha, Museveni akawa Rais wa Uganda, Shivji akawa profesa anayeheshimika hata na wasiokubaliana naye. Hao walikuwa na majina ya kuwafanya wakumbukwe. Wapo waliotoa toleo moja, wakaenda kufundisha Nachingwea, na toleo lile limekwenda nao kaburini.

Najua mnachohofia, na si hofu ya bure. Simu inapigwa kutoka juu: "Hao vijana wako wameandika nini?" Mkuu wa chuo mwenye barua ya idhini yenye sahihi yake hana pa kujificha. Lakini mkuu wa chuo ambaye kanuni zake zinasema wazi kwamba hasomi kabla, hana sahihi ya kuulizwa. Atajibu kwamba jarida ni la wahariri, majina yao haya hapa, waulizeni. Kanuni hiyo inawalinda ninyi kama inavyowalinda wao.

Wenzangu wanne wametawanyika. Mmoja yuko benki, wawili ni walimu kama mimi, na yule dada ana kampuni ndogo ya parachichi huku huku Njombe. Tulikutana Pasaka nyumbani kwake. Nilipomuuliza kama bado ana nakala ya kurasa zile nane, alisema alizitunza kwenye sanduku mpaka panya wakazipata. Kopi hamsini za steshenari tulizichoma wenyewe tulipokuwa tunahama hosteli, tukiogopa zitakutwa. Nakala pekee iliyobaki, kama ipo, iko katika ofisi ile, kabati la chuma upande wa dirisha, faili la kijani lenye mpira wa kufungia. Anayeikalia ofisi hiyo leo si yule wa wakati wetu. Akiliona, namwomba asinirudishie. Alipeleke maktaba.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa sekondari, Njombe